Mahali pa Kukimbilia

Wenyeviti wa mitaa walifika mwisho wa zoezi wakihema, na kundi la wananchi nyuma yao, wakakuta geti jeusi limefungwa. Ukuta wa matofali ya saruji ulizunguka eneo lote walimotakiwa kukusanyika.

"Uwanja uko wapi?" Yona alifoka.

Yona ndiye mratibu wa maafa, na tangu Jumatatu alikuwa akiwafundisha viongozi hawa na kuwasimanga kwa pamoja. Kwake yeye, mwenyekiti wa mtaa alikuwa mtu wa kugonga mihuri na kunusa posho, basi. Leo aliwapa mtihani: mvua imepiga Mlima Meru, korongo limefurika, haya, okoeni watu wenu. Mahali pa kuwapeleka alipachagua mwenyewe akiwa ofisini, kwenye picha ya setilaiti. Aliona kipande kikubwa kitupu kule juu Moshono, akakizungushia duara jekundu. Kwenda kupaona hakwenda. Mtu wa hadhi yake akanyage matope ya nini?

"Mratibu, hapa hapajawahi kuwa uwanja," alisema Mama Nanyori, mwenyekiti wa mtaa huo. "Lilikuwa shamba la mzee Lerionka. Hiyo picha yako ilipigwa mahindi yameshavunwa. Mzee ameliuza kihalali, na mimi nilikuwa shahidi."

Kicheko kilipita chinichini. Yona alihisi uso unamwaka moto. Wafadhili wawili wa zoezi walikuwa wamesimama palepale na kamera zao, na ikijulikana kosa ni lake, kibarua kingeota nyasi. Akaanza kutafuta wa kumbebesha mzigo.

"Kamuuzia nani?"

"Mama mmoja. Anajenga kidogo kidogo. Anasema anataka mahali pa kukimbilia."

"Anamkimbia nani, simba?" Yona aliwageukia wenyeviti. "Mnawaona wanawake wetu? Kujiandaa hawajui, kuharibu mipango wanajua. Wangu kule Njiro, Mama Mika, hana hata ndoo ya kwake. Nikimwambia leo toka, analala barabarani. Na hilo analijua, ndiyo maana ananyooka!"

Alicheka peke yake. Mama Nanyori alijifunga upya kanga yake na kutazama pembeni.

"Ukuta huu unavunjwa sasa hivi," Yona akatangaza, kwa sauti ya kuwafikia wafadhili. Akampungia mkono dereva wa katapila lililoletwa kwa ajili ya zoezi.

"Mratibu, nakuomba," Mama Nanyori alisema. "Mwenyewe yumo humo ndani na mafundi. Zungumza naye kwanza. Ukimvunjia huyu, hana pengine."

"Wa kuzungumza naye ni katapila."

Likanguruma, likaanza kupanda kilima polepole. Watu wakapisha njia, wengine wakishika watoto wao. Ndani ya ukuta nyundo zilinyamaza. Yona alijisikia mtu tena. Hivi ndivyo viongozi wa kweli walivyofanya maamuzi, na wafadhili walikuwa wanaona. Akalipiga geti teke.

"Wewe mama! Toka na takataka zako!"

Komeo likavutwa. Kwenye uwazi wa geti alisimama Brenda, mke wa Yona, amevaa mabuti ya mvua, mikono imejaa saruji mpaka viwikoni.

Alilitazama katapila. Akamtazama mumewe kuanzia viatu hadi usoni, bila haraka. Kisha akawatazama wazee na watoto waliokuwa wakiungua na jua nyuma ya Yona, na akalifungua geti lote.

"Karibuni ndani, kuna kivuli," aliwaambia. "Ingieni wote. Baba Mika tu ndiye abaki nje."