Bakuli la Gulendam

Gari la farasi lilikuwa limeshakata kona ya msikiti ndipo Gulendam Hanim akatokea langoni na bakuli la shaba mkononi. Alikuwa amechelewa. Maji ya kumrudisha msafiri humwagwa pale pale anapoondoka, juu ya alama za magurudumu yake, na magurudumu yalikuwa yamekwenda.

Hakurudi ndani. Alisimama amelishika bakuli kwa mikono miwili mpaka Kerbelayi Abuzer, muuza maji, alipotoka kwenye lango lile lile na mkokoteni wake wa pipa. Hapo ndipo aliporusha. Maji yakapiga pipa, yakachuruzika kwenye mbao.

Jirani yake Zernishan, aliyekuwa juu ya paa akichapa manyoya ya kondoo kwa fimbo, aliona.

"Gulendam, dada yangu, unammwagia maji muuza maji? Huyo usihangaike naye. Kesho atarudi tu, na bei atakuwa amepandisha."

Wanawake wa mapaa mengine wakacheka. Gulendam alijifuta macho kwa ncha ya shela, akafunga lango.

Ng'ambo ya mtaa, ndani ya kibanda cha mshona viatu, Meshedi Ganbar naye alikuwa ameona. Miaka miwili polisi wa Warusi walikuwa wakimlipa alitazame lango lile na kuandika kila aingiaye: muoka mikate, tabibu, kaka wa mwenye nyumba kutoka Sheki. Mwenye nyumba alikuwa Farrukh Bey, mume wa Gulendam, yule mchumi ambaye watu wa Baku walimchagua akawasemee katika bunge la mfalme huko Petersburg. Alisimama kule akataja vijiji vilivyonyang'anywa malisho, kimoja kimoja, na ngano iliyopotea katika kila kimoja. Bunge lilipovunjwa alirudishwa Baku, akakatazwa kukanyaga nje ya mipaka ya mji. Nyumba yake ikawa jela yenye mazulia. Na sasa hati ya kumpeleka Siberia ilikuwa njiani, ifike Jumatatu. Mapafu yake yasingemaliza majira mamoja ya baridi kule, na mtaa mzima ulijua.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Meshedi alikuwa amemwona Farrukh Bey akipanda lile gari, kofia ya manyoya imeshushwa hadi kwenye nyusi, shavu limefungwa kitambaa kama mtu anayeumwa jino. Alitaka kucheka. Msomi mzima, na hila yenyewe ndiyo hiyo.

Alikimbia mpaka kwa Kapteni Zaburov, karibu na stesheni, akamwambia ndege anaruka.

"Umeiona tiketi?" kapteni aliuliza.

"Tiketi sikuiona, bwana kapteni. Nimeyaona maji."

Kapteni alimtazama kama anavyotazamwa mlevi. Meshedi ilibidi amweleze taratibu kwamba Baku maji matamu hununuliwa kwa ndoo, na mke hayamwagi chini kwa sababu mume amekwenda kunyoa ndevu. Yakimwagwa, ni safari, tena ya mbali.

Kapteni akaelewa. Kumkamata ndani ya mji hakukuwa na faida. Akivuka mpaka, hapo ndipo kosa. Aliwaondoa askari wake wote, wa langoni na wa bandarini, akawapakia kwenye treni ya Tiflis. Kisha akamshika Meshedi ukosi wa koti.

"Huyu akikuponyoka, nafasi yake ya Jumatatu utaijaza wewe."

Ndani ya behewa Meshedi alikaa mabenchi matatu nyuma, maana Farrukh Bey aliijua sura yake. Aliona kofia tu na fundo la kitambaa. Kila treni ilipopunguza mwendo alihakikisha kofia bado ipo. Dirisha lilikuwa na nondo, mlango ulikuwa na askari, na bado alihisi kwamba aliyefungiwa mle ni yeye.

Mkulima mmoja alimuuliza mwenye kitambaa kama ngano itapanda bei. Akajibiwa kwamba Mungu ndiye ajuaye. Meshedi alishangaa, labda hofu ilikuwa imemkausha ulimi. Lakini mazungumzo yalipofika kwenye asali, ulimi ulifunguka. Alieleza mvua ilivyopukutisha maua, na kwa nini nyuki wa mlimani ni wakali kuliko wa bondeni, akaendelea mpaka stesheni mbili zikapita. Mtu huyu, Meshedi aliwaza, hata nyuki amewapigia hesabu.

Katika stesheni ya Yevlakh, mbali nje ya mpaka, treni ilisimama. Askari sita wakaingia kwa vishindo. Meshedi akanyoosha kidole.

"Ndiye."

Mwenye kitambaa hakuinuka upesi. "Watu sita kwa jino moja bovu," alisema. "Mngeleta mmoja mwenye koleo."

Wakamteremsha. Meshedi alibaki dirishani, akanunua mkate na jibini, akala kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Kapteni Zaburov alihamishiwa mji mmoja wa jangwani, ng'ambo ya bahari ya Kaspi. Meshedi Ganbar alisafirishwa Jumatatu ile ile, akafia Siberia mwaka wa pili. Yule kaka mtu aliyeteremshwa Yevlakh alikaa gerezani majuma matatu, kwa kosa la kuumwa jino kama alivyopenda kusema, kisha akarudi Sheki kwenye mizinga yake ya nyuki. Kerbelayi Abuzer aliendelea kuuza maji, na bei hakupandisha. Gulendam alipanda meli ya Anzali, bandari ya Uajemi, miaka miwili baadaye, akamfuata mumewe. Farrukh Bey alizeekea Istanbul, akafa bila kuiona tena Baku, na kila alipoombwa aisimulie njia ya kwenda bandarini, alisema pipa lile la muuza maji lilikuwa kavu kama tanuri, ila kwa matone ya bakuli moja yaliyopenya kwenye mbao yakamdondokea shingoni.