Oili Nyeupe

Oili ilikuwa nyeupe tena.

Yotham alikifuta kijiti cha kupimia, akakichovya upya. Kikatoka vilevile, kimepakwa kitu kama chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia kwenye oili. Na gasket ya silinda hedi, ile inayotenga maji na oili, alikuwa ameifunga yeye mwenyewe jana tu, hapa hapa uani kwao Zuzu.

"Sema," alisema baba yake kutoka kwenye kiti chake kivulini. "Au unaona aibu?"

"Maji, baba."

Mzee Bartolomayo alicheka kwa pua. "Fundi wa mashine za kusaga! Mungu alikupangia unga, wewe ukaja kutia mikono kwenye injini za watu."

"Mashine ya kusaga nayo ina injini, baba."

"Hata meza ina miguu minne. Mbona haiendi sokoni?"

Mzee alikuwa ameendesha malori na mabasi maisha yake yote, na dharau zake zilijulikana Zuzu nzima. Siku hizi zilikuwa zimezidi. Alipishana na watu aliokua nao bila kuwasalimu. Mchungaji alimpungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara, mzee akaendelea na hamsini zake.

Gari lake jeupe ndilo lililowapeleka kanisani mabibi harusi wote wa ukoo, na usukani hakumwachia mtu. Kila asubuhi aliliwasha mwenyewe, akaliacha lingurume kidogo, akalizima. Anitha, binti ya Yotham, alipochumbiwa, alimpigia magoti: "Babu, kanisani Buigiri utanipeleka wewe."

"Kwani unamwona nani mwingine?" mzee alimjibu.

Wiki hiyo hiyo injini ikaanza kutia maji kwenye oili. Gereji mzee alikataa katakata. "Wanafungua boliti zote, wanarudisha nusu. Mwanangu si anajiita fundi? Atafanyia hapa hapa."

Mchana Yotham aliifungua injini tena. Mzee akanyoosha mkono apewe gasket. Hakuipa hata heshima ya kuitazama. Aliipapasa kwa kidole gumba, uso ameuelekeza barabarani.

"Takataka hii uliinunua wapi?"

"Kibandani, karibu na soko."

"Gamba la boksi." Akaitupa kwenye vumbi. "Nenda dukani kwa Sherbanu. Ila kwa mikono hiyo, hata ile nzuri itakushinda."

"Baba, kuna kitu sikielewi. Rejeta imejaa mpaka mdomoni. Kama maji yanaingia kwenye oili, mbona hayapungui?"

"Mbona, mbona! Funga injini, acha ushairi."

Sherbanu alimtolea gasket kutoka rafu ya juu, akamfungulia boksi juu ya kaunta ili aikague mwenyewe. Alikuwa mama wa makamo, na duka alilirithi kwa baba yake.

"Hii ndiyo yenyewe," alisema. "Kule vibandani wanauza boksi. Mimi nauza kilichomo. Mzee hajambo?"

"Hajambo, mama."

"Juzi alipita hapa nje, kamshika mjukuu wake begani. Nikamwamkia shikamoo. Akanipita kama nguzo ya umeme."

"Msamehe, mama. Ndivyo alivyo."

"Hakuwa hivyo," alisema Sherbanu.

Alhamisi Yotham alifunga injini kwa uangalifu ambao hata harusi yake mwenyewe hakuupa. Alisafisha uso wa silinda hedi mpaka ukang'aa, akakaza boliti kwa zamu kuanzia katikati kwenda nje, akaweka oili mpya. Jioni wakalijaribu gari mpaka relini na kurudi, yeye kwenye usukani, mzee pembeni yake amekunja mikono, Anitha nyuma akipiga vigelegele. Injini ilikwenda kama cherehani. Yotham alichomoa kijiti: oili safi, rangi ya asali.

"Babu, baba ameweza!"

"Amebahatisha," alisema mzee. "Kesho nitaliwasha mwenyewe. Nikiambiwa oili ni nyeupe, baba yako akukodie bajaji, bibi harusi mzima ukapigwe na vumbi. Aibu itakuwa yake, si yangu."

Anitha aliingia ndani. Yotham alifunga boneti polepole, akiogopa mikono yake mwenyewe.

Ijumaa mzee alichelewa kuamka. Karibu na saa sita Yotham aliondoka kwenda mjini kununua riboni za kupambia gari. Alipofika barabarani akakumbuka simu aliyoiacha chajini. Akarudi kwa kupitia uchochoro wa nyuma.

Boneti ilikuwa wazi. Mzee Bartolomayo alikuwa ameinamia injini, peke yake, mkononi ameshika jagi la maji. Kidole kimoja alikuwa amekiingiza kwenye tundu la oili, na kando ya kidole hicho, taratibu, bila kumwaga hata tone, alikuwa anamimina.

Yotham alisimama palepale mlangoni mwa ua. Gasket zote zilikuwa nzima. Ya Sherbanu ilikuwa nzima. Hata ile ya kibandani ilikuwa nzima. Matusi yote yale, na jana usiku Anitha amelala bila kula, kumbe ni kazi ya mzee huyu ambaye alikuwa radhi kuiharibu harusi ya mjukuu wake ili tu amwone mwanawe akidhalilika. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Yotham alimdharau baba yake, akamdharau kabisa.

Akavuka ua, akaenda kusimama mbele yake. Injini tu ndiyo iliyowatenganisha. Jua la saa sita lilimpiga Yotham usoni, na kinywa chake kilijaa maneno ambayo mtu hamwambii mzazi. Mguu wake ukagonga spana iliyokuwa chini.

Mzee alishtuka. Akaficha jagi nyuma ya mgongo, akainua kichwa, akamtazama mwanawe machoni.

"Nani hapo?"