Babu wa Nyuma ya Supamaketi

Kilio kilianza saa tatu asubuhi, juu ya rundo la kabichi zilizooza.

Kawira, meneja wa supamaketi, alitoka mbio kwa mlango wa nyuma. Alimkuta mwanamume wa makamo amepiga magoti mbele ya rundo lake la mboji, ametumbukiza mkono humo hadi kwenye kiwiko, analia kama aliyefiwa leo.

"Madam, umemwaga takataka juu ya babu yangu!"

Jina lake lilikuwa Lodu. Alikuwa amerudi kutoka Uganda mwaka wa 2007, kama wakimbizi wengi baada ya mkataba wa amani. Kabla ya vita, alisema, hapa mtaani Hai Cinema palikuwa na boma lao, na babu alizikwa papa hapa.

Haki ya Mungu, rundo lenyewe lilifanana na kaburi. Kosa ni la kijitabu. Bosi wa Nairobi alichoka kusikia kwamba lori limeharibika tena kwenye barabara ya kutoka mpakani Nimule na nyanya zimefika zikiwa supu, akatuma kijitabu cha kutengeneza mboji. Kijitabu kilisema: urefu mita mbili, upana mita moja, funika kwa nyasi kavu. Kawira, ambaye hajawahi kubishana na maandishi, akafuata. Kisha akazungusha mawe ili kuzuia mbwa. Ungepita hapo haraka ungevua kofia.

"Hakuna mtu humu," alisema. "Ni kabichi, nyanya na mikate iliyoota ukungu. Nililijenga mwenyewe, miezi minne iliyopita."

"Na chini ulichimba ukaona?"

Hakuwa amechimba.

Lodu alifuta machozi. "Umemgeuza lini mara ya mwisho?"

"Jumatatu."

"Umegeuza babu yangu Jumatatu! Na maji, umempa?"

"Kila jioni."

"Mavi ya mbuzi?"

"Debe moja kila wiki," Kawira alijibu kwa sauti ndogo. Hapo Lodu alilia mpaka majirani wawili wakamshika mikono.

Majirani hawakucheka. Kwao, penye kaburi la ukoo ardhi ni ya ukoo, hata ujenge ghorofa juu yake. Kawira naye alikuwa ameanza kazi akiwa keshia, na baada ya miaka sita hili ndilo duka la kwanza alilokabidhiwa. Bosi alimwambia kwa simu maneno machache tu: ploti ikienda, na yeye aende.

Kesi ilisikizwa nyuma ya duka, wazee wamekalia makreti ya soda. Aliyeamua ni chifu wa mtaa, Sultani Cirillo. Kawira alitaka pachimbwe pale pale, mbele ya mashahidi. Umati uliguna.

"Kaburi halichimbwi kama viazi, binti yangu," Cirillo alisema. "Ni mawili tu. Duka lihame, au babu ahame. Na babu hahami kama mjukuu hataki."

Watu wote walimgeukia Lodu. Alitazama mawingu.

"Mimi hapana mtu mbaya," alisema. "Duka inasaidia watu. Mimi itapeleka babu Gumbo, ng'ambo ya mto, kwa nyumba yangu. Lakini wiki hii, mvua bado kuanza."

Kawira nusura amkumbatie. "Asante, mzee! Tutatoa mifupa kwa upole, mmoja mmoja..."

"Mifupa gani? Wewe umegeuza, umemwaga maji, minyoo imekula. Sasa babu na kabichi iko kitu moja. Nani atajua hii ni kabichi, hii ni babu?"

Sultani alichota konzi ya ule udongo mweusi, akaunusa, akawapitishia wazee wenzake. Hakuna aliyejua. Basi akakata shauri: rundo lote liende, hadi konzi ya mwisho, na gari litoke dukani.

Kawira hakungoja kuambiwa mara mbili. Alitoa pikapu, magunia, na sukari ya matanga. Magunia yalifika arobaini na mawili.

"Huyu mzee alikuwa na mwili, woi," alisema Isaiah, dereva, wakivuka daraja kwa safari ya tatu.

Safari hiyo Kawira alienda mwenyewe, amejifunga kitambaa cheusi kichwani. Aliona si haki mtu aliyemwokoa azike peke yake. Walipofika Gumbo alishuka na kuinamisha kichwa, na machozi yakamtoka, ya kweli kabisa. Kisha akatafuta kwa macho shimo, msalaba, kasisi. Hakuona hata kimoja.

Rebecca, mke wa Lodu, alitokea nyuma ya nyumba na jembe begani, vumbi hadi magotini. Aliliona gari, mgeni hakumwona.

"Lodu! Kwa nyanya imetosha. Hii babu imebaki, mwaga kwa bamia."