Mashine Isiyozima

Swichi ilikuwa nje ya mlango, ukutani mwa korido, na jambo hilo lilimkera Ghalibu. Katika miaka yake yote ya kufunga mashine za baridi, kuanzia mabucha hadi benki, hakuwahi kuona chumba ambacho aliyemo ndani hawezi kujizimia mwenyewe.

"Ndani hakai mtu," alisema Ndugu Lugembe, mkuu wa jengo. "Ni mitambo ya redio. Ikipata joto inaungua."

Ghalibu akafungua sanduku lake la vifaa. Jengo lenyewe la Serikali lilikuwa nyuma ya reli, lina ukuta mrefu na senyenge juu, na watu wa Tabora wakilipita hujifanya wanatazama upande wa pili. Langoni walimpekua hadi kofia. Fundi mwingine angefunga mashine haraka akaenda zake salama. Lakini Ghalibu hakuitaka zabuni ile kwa ajili ya kazi tu. Aliitaka kwa ajili ya kaka yake.

Darwesh alichukuliwa Februari, siku zile za Operesheni Maduka, watu binafsi walipofungiwa biashara ili kila kijiji kiwe na duka la ushirika. Walimkuta Nzega na magunia ya sukari stoo, wakamwita mlanguzi, wakampakia kwenye Landrova. Tangu hapo kimya. Mmoja alisema yuko Dodoma, mwingine akaapa alimwona akipandishwa treni ya Dar es Salaam. Mkewe, Zeyana, alizunguka maofisi mpaka makarani wakawa wanajificha wakimwona. Basi zabuni ya jengo ilipotangazwa, Ghalibu alikata bei hadi washindani wake wakamcheka. Hakujali. Alitaka mtu mmoja tu mwenye cheo awe na sababu ya kumsikiliza.

Na Lugembe alimsikiliza. Siku Ghalibu alipojikaza akalitaja jina la kaka yake, mkuu aliinuka akaufunga mlango. Kisha akasema mtu huyo yuko mbali, na kwamba hapa Tabora hawana mamlaka juu yake, ila neno la ofisi lina uzito wake.

"Nifungie mashine isiyozima," alisema. "Ile ya zamani inakufa kila mara. Ukinifanyia kazi safi, ndugu yako nitamsemea."

Ilikuwa Juni, kipupwe kimeshika, asubuhi watu wanaota moto vibarazani. Ghalibu alijicheka moyoni kwamba mji mzima unatafuta joto, yeye peke yake anahangaika kuongeza baridi. Lakini alifanya kazi ile kwa moyo wake wote. Aliziba kila ufa wa dirisha. Lugembe alipotaka baridi izidi hapo, Ghalibu aliifungua mashine akakitoa kile kidude kinachoizima chumba kikishapoa. Sasa ingevuma usiku na mchana mpaka mtu aizime kwa mkono. Aliona chumba hakina soketi ya kuchomekea redio, na kwamba kando ya ukuta pamejengwa kitu kama kibaraza kirefu cha saruji. Akadhani ndipo mitambo itakapowekwa. Soketi wataweka wenyewe, alijiambia, maana mtu mwenye shida huwa hana maswali mengi.

Kila mashine aliyoifunga, Ghalibu aliiwekea utepe mdomoni, ili mwenye mashine aone kwa macho kwamba upepo unatoka. Mwaka ule utepe haukupatikana. Nguo zenyewe zilikuwa za foleni. Zeyana aliposikia hivyo aliishusha begani kanga yake ya harusi, nyekundu yenye korosho za njano, akachana ukanda kwenye pindo.

"Funga hiki, shemeji," alisema. "Kama mashine hii ndiyo itakayomrudisha mume wangu, basi iwe na kitu changu."

Siku ya kukabidhi, Lugembe alisimama chini ya upepo na suti yake, utepe ukipepea juu ya kichwa chake. Hakukaa sana. Alitoka anasugua mikono, akampa Ghalibu mkono uliokwishapoa, akamwambia kazi ni safi. Ghalibu alirudi nyumbani, mtaa wa Cheyo, anatembea kwa madaha.

Oktoba, joto la Tabora limeiva, Landrova ilisimama mlangoni ikamshusha Darwesh, ikaondoka bila neno. Ghalibu alitoka mbio karakanani akamkumbatia, akalia mbele ya majirani bila aibu. Miezi yote ile alikuwa akiomba, na sasa alijua hakuomba bure. Lugembe alikuwa mtu wa ahadi yake. Alisubiri kaka yake naye alie, au acheke, lakini Darwesh aliomba blanketi tu. Kisha akaomba la pili. Akajifunika yote mawili, akakaa ukutani panapopigwa na jua kali, vidole vyake vimekakamaa havikunjiki. Majirani wakasema ni malaria.

Zeyana alimletea kahawa, amejitanda kanga ile ile. Alikuwa na furaha, maneno yakimtoka haraka.

"Mshukuru mdogo wako," alimwambia. "Ni kazi ya mikono yake iliyokutoa huko."

Darwesh hakuipokea kahawa. Alilishika pindo la kanga, akapitisha kidole polepole pale palipochanwa, mwanzo hadi mwisho. Kisha akainua macho, akamtazama Ghalibu.

"Kipande cha hapa nimekitazama tangu kipupwe, kinapepea juu ya kichwa changu," alisema. "Mashine ya zamani ilikuwa ikizima, tunapata usingizi. Yako haikuzima hata siku moja."