Kimo cha Mkono

Ugonjwa haukuanzia chini, wala haukuanzia pembeni. Kila mche wa nyanya ulikuwa na madoa kwenye tawi la juu, kimo cha mkono wa mtu.

Bwana shamba aligeuza jani. Juu palikuwa na doa la kahawia, kana kwamba pamemwagikiwa chai. Chini yake, utando mweupe.

"Ukungu," alisema. "Ndio huu huu unaoua viazi. Nani amepanda viazi karibu?"

"Mama mkwe, kule mlimani," alijibu mwanamke mwenye nyanya. "Wifi yangu ndiye humsaidia kupalilia."

"Ungeletwa na upepo ungeanzia ukingoni. Huu umetembea mstari kwa mstari. Nani anaingia humu umande haujakauka?"

"Mimi tu, na mimi huja jua likishapanda, kama ulivyonifundisha."

"Basi una mgeni asiyepiga hodi. Mkono uliolowa, ukitoka kwenye mmea mgonjwa, unatosha."

Alimwagiza akate matawi yaliyougua ayafukie mbali, apige dawa juu na chini ya majani, kisha anawe kwa sabuni. Mwanamke akayafanya yote, mpaka mgongo ukamwaka moto. Baba mkwe alikuwa amewapa shamba hili kwa msimu mmoja tu, awapime. Nyanya zikifa, shamba litakwenda kwa wifi, na yeye na mumewe watarudi mjini, kwenye kile chumba chenye unyevu ambamo mtoto wao hakuacha kukohoa.

Wifi alipita njiani, jembe begani. "Wifi, naona bustani yako imeota mvi."

"Itapona."

"Amina. Isipopona, mimi nitapanda mahindi. Mahindi hayadeki."

Mwanamke alimwomba Mungu amwondolee chuki. Aliomba tena akiwa anafua, na tena akiwa anapika. Chuki ilibaki moyoni, imekaa kitako.

Juma lililofuata madoa yalitokea upya, kimo kile kile.

Ndipo alipokumbuka jambo analolijua kila ashikaye nyanya. Majani yake huacha utomvu mikononi. Mikono ikiwa mikavu huuoni. Ukiimwagia maji na sabuni, povu hutoka la kijani, kama la mtu aliyekuwa anapaka rangi.

Jumapili ukoo ulikula pamoja nyumbani kwa wakwe. Aliomba yeye ndiye anawishe watu. Alianza na baba mkwe, ambaye hakuinua macho.

"Nasikia zinazidi kufa," mzee alisema.

"Napambana, baba."

"Mwache apambane," mama mkwe alidakia kutoka mlangoni. Siku zote yeye ndiye aliyemtetea. "Mkamwana wangu hahami. Nitamlilia Mungu mpaka achoke kunisikia."

Mwanamke akamfikia wifi. Alimpa sabuni, akamimina maji, akamimina tena, macho kwenye beseni.

"Wifi, unaninawisha au unanibatiza?"

Watu walicheka. Maji yalianguka meupe, safi kabisa. Mwanamke alihisi uso ukimchoma kwa aibu. Kwa majuma yote hayo alikuwa amemhukumu mtu bure, tena huku akisali.

Mama mkwe akawa wa mwisho. Alikaa kwa kuugulia magoti, akanyoosha mikono, akaisugua kwa sabuni. Povu likageuka kijani. Likachuruzika kijani mpaka ndani ya beseni.

Mwanamke aliacha kumimina. Mama mkwe aliuona uso wake, akamsogelea sikioni.

"Usiogope, mwanangu, hukuachwa peke yako. Kila alfajiri, nikishaviwekea mikono viazi vyangu, maana navyo vinaumwa, nashuka kwenye nyanya zako. Nashika mche mmoja mmoja, nauombea. Sijaruka hata mmoja."