Pa Kushonea Figo

Daktari alimweleza kaka yangu, kana kwamba mishipa ni yake.

"Mishipa ya nyonga ya dada yako Mwanamvua imekakamaa, kama ya ule mguu tuliokata. Figo mpya hatuna pa kuishonea."

Kaka, ambaye ndiye angenitolea figo, alishusha pumzi. "Alhamdulillahi kwa kila hali. Turudi Bagamoyo," akasema, akinipa magongo.

Sikuyapokea. Nilipandisha baibui mkononi, nikavuta vidole vya daktari hadi kwenye mshipa ninaosafishiwa damu kwa mashine. Ukanguruma chini ya vidole vyake.

"Huu nao mlisema hautashika. Niambie mimi, si yeye: nani anaweza kushona mishipa migumu?"

Daktari akachukua simu.

Nikamgeukia kaka.

"Pumzi usishushe bado. Figo yangu ingali kwako."