Kichwa cha Kukodi

Kompyuta zilikuwa zimepigwa marufuku, na taarifa za biashara zikatunzwa kwenye vichwa vya watu waliovikodisha. Bi Mwanakheri, fundi wa magauni ya harusi, alikuwa akitafuta kampuni ya kuaminika, maana kichwa chake cha kwanza kilishikwa na homa, bibi harusi akaingia ukumbini na gauni la kumtosha shangazi yake.

Kampuni mpya ilimpa majaribio. Asubuhi wakala alichukua vipimo vya wateja thelathini. Adhuhuri akavirudisha bila kukosea hata inchi.

"Kichwa cha nani hicho?"

"Siri ya kampuni, mama. Ila kina nafasi kama uwanja wa mpira."

Alirudi nyumbani na mkataba, anacheka peke yake. Mumewe, Mzee Mbwana, alikuwa mkekani anakula wali.

"Zubeda, kiuno thelathini na nne," mzee akasema, mdomo umejaa. "Hataki gauni lenye mkia."

Bi Mwanakheri akalitambua jina la mteja wake. "Mume wangu, umekodisha kichwa?"

Mzee akamtazama kwa adabu. "Leo asubuhi, mama. Wamefuta vya zamani kidogo, wapate nafasi. Karibu wali. Unamtafuta nani?"

Akakaa, akafungua mkataba. Orodha ya wateja ilikuwa na mstari mmoja mtupu. Akashika kalamu, akajaza: Mwanakheri, kiuno arobaini na sita. Akaona haya, akapunguza inchi mbili. Penye maelezo mengine akaandika: Huyu ni mke wako. Usikubali wamfute.